Ndoa Mbili za Siri

Mvua ya vuli ikipiga siku tatu mfululizo, Minjila hubadilika. Vumbi linalala, lami inang'aa, na harufu ya udongo uliolowa inafunika hata ile ya dizeli. Mahali penyewe ni njia panda: magari ya Malindi, ya Lamu na ya Hola hukutana hapa, abiria hushuka kunyoosha miguu, wauza ndizi na mahindi ya kuchemsha hukimbilia madirishani. Lakini ukiipa barabara mgongo na kuingia vichakani hatua mia tatu hivi, utawakuta wenyeji wa zamani zaidi, vichuguu, vingine vimempita mtu mzima kwa urefu, vimesimama katikati ya migunga. Novemba moja nilipopita, ardhi ilikuwa imepasuka chini ya kimojawapo, na ndani ya nyufa uyoga ulikuwa umetoka usiku ule ule, kofia nyeupe zenye ncha nyeusi katikati kama chuchu.

"Usiuvute," aliniambia bibi mmoja aliyekuja na kisu na ungo. "Chimba. Mguu wake uko chini kwa mchwa."

Nikachimba. Mguu mweupe ukaendelea kushuka, ukawa mwembamba kama kamba ya katani, ukanipitisha kiwiko, kisha ukakatikia mkononi.

"Nyanya, mbegu yake iko wapi?"

"Uyoga haupandwi na mtu," akasema, akiutupia wangu unguni pamoja na wake. "Waulize mchwa."

Si mbali na hapo, kando ya barabara, pana shimo ambalo wajenzi walichimba udongo wa kutengenezea njia wakaliacha wazi. Mvua ilikuwa imelijaza. Juu ya maji yalielea majani madogo, manne manne juu ya bua moja, mithili ya vipepeo wawili waliotua pamoja. Ng'ombe wa Waorma walikuwa wakinywa pembeni, kwato zao zikiyakanyaga majani hayo matopeni bila kuyajali, na hakuna wa kuwalaumu, kwa maana mmea ule hauna ua la kuusifia wala tunda la kuulilia. Vitabuni huitwa Marsilea. Ni kangaga, ndugu mdogo wa yale makangaga makubwa yanayoota nyuma ya mikoko huko Ozi na Kipini.

Uyoga ule na kangaga lile, mmoja juu ya ardhi kavu na jingine ndani ya dimbwi, walikuwa umbali wa kutupiana jiwe. Nao kwa zaidi ya miaka 200 walifungiwa kabati moja na wataalamu wa Ulaya kwa sababu moja tu: hakuna aliyewahi kuiona harusi ya yeyote kati yao.

Aliyewafungia ni Carl Linnaeus wa Uswidi. Mwaka 1735 aliipanga mimea yote katika madaraja 24, na kipimo chake kilikuwa ndoa. Alihesabu waume na wake ndani ya kila ua: huyu ana waume watano chumba kimoja na mke mmoja, yule anao zaidi ya ishirini. Mtaalamu mmoja wa St. Petersburg, Johann Siegesbeck, alikasirishwa sana na uchafu huo. Linnaeus naye akalipa gugu moja jina la Siegesbeck, na gugu hilo lingali na jina hilo hadi leo. Daraja la 23 lilipokwisha, lilibaki fungu la viumbe wasio na ua kabisa: kuvu, makangaga, kuvumwani, mwani. Hawa aliwatia wote katika daraja la 24, akaliita kwa maneno ya Kigiriki yanayomaanisha ndoa ya siri.

Mswahili akisikia ndoa ya siri anajua maana yake mara moja: ndoa ipo, mashahidi wapo, ila mke mkubwa hajaambiwa. Linnaeus naye alimaanisha hivyo hivyo. Hakusema viumbe hawa hawaoani. Alisema hajui wanaoana wapi.

Kilichowafananisha machoni pake ni vumbi. Geuza jani la kangaga la mikokoni, lile la juu kabisa katika kichala, utakuta upande wa chini umefunikwa kitu kama mahameli ya rangi ya kutu. Kipanguse kwa kidole, kidole kinabaki na vumbi. Kata kofia ya uyoga, uilaze juu ya karatasi na kuifunika kwa bakuli usiku kucha, asubuhi utakuta kofia imeuchora mchoro wake kwa vumbi, mstari kwa mstari. Ule wa Minjila niliufanyia hivyo juu ya ukurasa wa nyuma wa daftari langu, na vumbi lake lilikuwa la waridi hafifu. Punje moja ya vumbi hilo huitwa spora, na kwa macho matupu haionekani. Mtu asiye na hadubini angeapa kwamba vitu viwili hivi ni kimoja.

Kuhusu kuvu, kuna mtu alikuwa ameshatoa jibu la nusu kabla Linnaeus hajachapa kitabu chake. Mwaka 1729, mjini Florence, Pier Antonio Micheli alieleza alivyochukua vumbi la kuvu za aina mbalimbali akalipaka juu ya vipande vya tikiti. Kila vumbi likaota kuvu ya aina yake. Jaribio hilo angeweza kulifanya mkulima yeyote wa Tana mwenye tikiti na subira, na maana yake ilikuwa kubwa: kuvu haizuki kutokana na uozo, ina uzao. Wengi hawakumsadiki. Linnaeus mwenyewe, akiwa mzee, aliyumba kabisa. Mwaka 1767 alikubali dai la Mjerumani Otto von Münchhausen kwamba vumbi la uyoga likitiwa katika maji ya uvuguvugu huanguliwa kuwa vijidudu vinavyoogelea, na vijidudu hivyo ndivyo hugeuka kuwa uyoga. Akaviandika karibu na minyoo, chini ya jina Chaos. Liweke akilini kosa hilo. Lilikuwa kosa la jirani, kwa maana vijidudu vya kuogelea vilikuwepo kweli, ila katika nyumba ya pili.

Nyumba hiyo ya pili, ya makangaga, ilikuwa imezungukwa na uchawi. Wazee wa Ulaya waliamini kwamba kangaga lina mbegu isiyoonekana, ipatikanayo usiku mmoja tu wa mwaka, mwezi Juni, na kwamba anayeipata haonekani tena. Aliyeuvunja uchawi huo ni daktari wa upasuaji, John Lindsay, aliyekuwa akifanya kazi Jamaika wakati kisiwa kile kingali cha miwa na watumwa. Aliona makangaga machanga yakichipua kwenye udongo mbichi baada ya mvua, akapanda vumbi katika chungu, akalichungulia kwa hadubini siku baada ya siku hadi likageuka kijani. Maelezo yake yalichapishwa London mwaka 1794. Lakini Lindsay alikuwa ameona kuota tu, kama Micheli alivyoona kuota. Ndoa hakuiona.

Ndoa ilikuwa mahali ambapo hakuna aliyefikiri kutazama. Mwaka 1844 Karl Nägeli alikuwa akichunguza kile kijani cha kwanza kinachotokea spora ya kangaga ikiota, kigamba chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kimelala juu ya udongo kama kipande cha karatasi iliyolowa. Yeye alikidhania kuwa jani la kwanza la mche. Juu yake akaona vivimbe, ndani ya vivimbe nyuzi zilizojikunja kama springi, na springi hizo zilipotoka zikaondoka majini zikiogelea. Miaka minne baadaye, 1848, bwana mmoja wa Kipolandi mwenye mali na wakati wake, Michał Leszczyc-Sumiński, aliona zile springi zinakokwenda. Karibu na mbonyeo wa moyo ule ule palikuwa na vishimo, na katika kila kishimo yai moja. Springi zilikuwa mbegu za kiume. Kangaga kubwa tunalolijua halikuwa bwana wala bibi harusi. Lilikuwa mtoto wao.

Kisha akaja Wilhelm Hofmeister, na kwa huyu nitakaa kidogo kwa sababu habari zake hunifurahisha. Hakuwa na shahada. Alitoka shule mapema akaingia katika duka la baba yake mjini Leipzig, duka la vitabu na karatasi za muziki, na uchunguzi wake aliufanya alfajiri kabla ya saa za biashara. Macho yake yalikuwa mafupi kiasi cha kumlazimu kukiweka kitu puani ndipo akione, jambo lililomtesa njiani na kumfaa sana mezani. Mwaka 1851, akiwa na umri wa miaka 27, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kuvumwani, makangaga na hata misonobari hufuata mpango mmoja: vizazi viwili vinavyopokezana, kimoja kikizaa spora na kingine kikioana. Mwaka 1863 chuo kikuu cha Heidelberg kilimpa uprofesa muuza vitabu huyo.

Mpango wenyewe, kwa kangaga, ni huu. Jani kubwa lina seti mbili za kromosomu katika kila seli, moja ya upande wa mama na moja ya upande wa baba. Likitengeneza spora, huzigawa, na kila spora huondoka na seti moja tu. Spora hurushwa kwa mtambo: kifuko chake kimezungukwa na mkanda wa seli unaokauka, unajipinda nyuma mpaka ukomo, halafu unafyatuka kwa ghafla. Ikianguka penye unyevu, spora huota ule moyo wa kijani, na moyo huo hujitegemea: hujipikia chakula kwa jua, hunywa maji kwa vinyweleo, haumdai mzazi wake wala haudaiwi naye. Ni maisha kamili ya seti moja. Ndipo siku moja umande au mvua inaufunika kwa utando wa maji, mbegu za kiume zinatoka na kuogelea milimita chache, na hazitangitangi. Mwaka 1884 Wilhelm Pfeffer aligundua kwamba zinavutwa na tindikali ile ile inayolipa tofaa ukali wake. Aliitia katika mirija myembamba kama unywele, na mbegu zikaingia humo kwa makundi. Zinapolifikia yai, seti mbili zinakuwa pamoja papo hapo, na kutoka ubavuni mwa moyo linachipua kangaga jipya.

Harusi kwanza, nyumba baadaye. Wazazi wetu wangelikubali kangaga bila maswali, isipokuwa kwa jambo moja: moyo mmoja unaweza kuwa na vivimbe na vishimo vyote, ukajioza wenyewe. Ndiyo maana punje moja ya vumbi iliyopeperushwa hadi kisiwa kisicho na mtu inaweza kuanzisha ukoo mzima. Lakini palipo na jamaa wengi, mioyo iliyotangulia kukua hutoa dawa inayosambaa udongoni na kuwafanya wadogo wanaoota baadaye wawe wanaume watupu, ili aliyejaa mayai apate wachumba kutoka nje. Mjerumani Walter Döpp aliieleza dawa hiyo mwaka 1950.

Uyoga haumo kabisa katika mpango huu. Hilo lilichukua muda mrefu zaidi kujulikana, na waliolijua walilijua vipande vipande. Anton de Bary alionyesha mwaka 1865 kwamba kutu ya ngano huishi maisha yake katika mimea miwili tofauti. Mwaka 1904, Albert Blakeslee, kijana wa Harvard, alikuwa akiotesha ukungu mweusi wa mkate. Wakati mwingine nyuzi za ukungu zilikutana zikatengeneza mbegu nene, wakati mwingine zikapishana tu kama abiria wa magari mawili pale njia panda. Aligundua kwamba kuna aina mbili, zisizotofautiana kwa umbo wala ukubwa. Kwa kuwa hakuweza kusema yupi dume na yupi jike, aliziita kujumlisha na kutoa. Naye Mathilde Bensaude, Mreno aliyekuwa Paris, alilithibitisha jambo kama hilo kwa uyoga wenye kofia mwaka 1918, huku Hans Kniep akifanya kazi hiyo hiyo Ujerumani, vita ikiwa imewatenga.

Spora ya uyoga ikianguka, haioti moyo. Huota uzi. Uzi hutambaa ndani ya udongo, kinyesi au gogo, ukijilisha, wenye seti moja ya kromosomu. Ukikutana na uzi mwingine unaokubaliana nao, kuta zinayeyuka na seli zinaungana. Mtu angetarajia hapo ndipo seti mbili zichanganyike. Hazichanganyiki. Kiini cha huyu na kiini cha yule hukaa chumba kimoja bila kugusana, na kila seli mpya ikizaliwa hupewa viini vyote viwili, kimoja cha kila upande. Wanaishi hivyo wiki, miezi, miaka. Wamehamia pamoja, wanapika chungu kimoja, majirani wamewazoea, na nikahi haijafungwa. Mvua inaponyesha wanajenga kofia, na ndani ya matamvua ya kofia hiyo, katika seli za ukingoni kabisa, ndipo viini viwili vinaungana. Muungano huo haudumu hata siku. Papo hapo kiini kinagawanyika na kutoa spora nne, kila moja na seti moja, nazo zinarushwa. Kangaga hukaa katika ndoa yake maisha yote ya jani. Uyoga hufunga ndoa na kuachana katika ukingo wa tamvua, kisha huoza.

Kutafuta mwenzi nako ni tofauti. Pale Minjila, kwenye gogo la mwembe lililoachwa kando ya ua, nilikuta uyoga mdogo wa kijivu, mgumu kama ngozi, umbo la kipepeo cha mkono, matamvua yake yamepasuka katikati kwa urefu. Ni Schizophyllum commune, unaopatikana karibu duniani kote. Jua likiuchoma hujikunja, mvua ikirudi hufunguka tena. Wa aina hii hawana jinsia mbili. Wana zaidi ya 20,000. Namba hiyo si mzaha wa maumbile. Maana yake ni kwamba ndugu waliotoka kofia moja hukubaliana mara moja tu katika kila nne, lakini mgeni anayetoka mbali hukubaliwa karibu kila mara. Koo nyingi za watu zimewekeana mwiko kama huo kwa maneno mengi zaidi.

Aliyehesabu vumbi lenyewe ni Arthur Buller, Mwingereza aliyefundisha Winnipeg huko Kanada, mtu aliyewahi kutunga shairi la mistari mitano la kuchekesha kuhusu nadharia ya Einstein. Alieleza pia jinsi kitone cha maji kinavyojikusanya chini ya spora ya uyoga sekunde chache kabla haijaruka. Kitone hicho kikigusana na unyevu ulio ubavuni mwa spora, uzito unahama ghafla na spora inatupwa. Kangaga hurusha vumbi lake kwa ukavu, uyoga hurusha lake kwa tone. Na wingi wake haumithiliki: kuvu moja kubwa ya mviringo, ile isiyo na kofia, Buller aliikadiria kuwa na spora trilioni 7. Kama zote zingeota, pasingebaki pa kusimama.

Uyoga wa bibi yangu wa Minjila una jambo la ziada. Ni Termitomyces, jina alilolitoa Mfaransa Roger Heim mwaka 1942, na bibi alikuwa na haki: mchwa ndio wakulima wake. Chini ya kichuguu wamejenga sega la majani na miti iliyotafunwa, na juu ya sega hilo kuvu huota vijidonge vyeupe. Mchwa huvila. Ndani ya vijidonge mna spora za aina nyingine, zisizotokana na ndoa, ambazo hupita tumboni mwao zikiwa hai na kutolewa juu ya sega jipya. Kwa hiyo kuvu ina uzazi wa siku zote, wa ndani, na uzazi wa arusi, wa nje, mara moja kwa mwaka. Kumbikumbi huruka mvua inapoanza, huoana, hukata mbawa na kujichimbia. Katika spishi nyingi jozi hiyo haina kuvu. Watoto wao wa kwanza wakishakua ndio hutoka nje kuokota spora za uyoga zilizoanguka majanini, wakaanza bustani yao. Ule mguu ulionipita kiwiko ulikuwa umetoka bustanini kuja juu kutafuta wakulima wapya. Huko Zambia kuna wa jamii hii, Termitomyces titanicus, ambao kofia yake hufika upana wa mita moja.

Hapa delta ya Tana, maji ndiyo yanayotunza kalenda ya wote. Wazee huhesabu miaka kwa mafuriko: yale ya 1961 walioyaita ya Uhuru, yale ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliyobomoa kingo za mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mto huu, na yale ya Novemba 2023. Baina ya mafuriko na mafuriko kuna ukame unaopasua udongo hadi mkono ukaingia. Marsilea la dimbwini limeipatia hali hiyo jibu lake. Spora zake haliziachii upepo. Linazifungia ndani ya ganda dogo gumu, la ukubwa wa mbegu ya kunde, likalizika matopeni. Ganda hilo linasubiri. Mengine yaliyokuwa yamekauka katika makabati ya wataalamu yameamka baada ya zaidi ya miaka 60. Waaborijini wa Australia wanaojua kuyaoka na kuyasaga huyafanya chakula. Wapelelezi Burke na Wills, waliokwama kando ya Cooper Creek mwaka 1861, waliyasaga bila ujuzi huo, wakashiba kila siku na kufa kwa udhaifu.

Kuna pia waliochoka na ndoa. Kangaga moja la Brazili linaloelea, Salvinia molesta, lina kromosomu 45, yaani seti tano za tisa tisa, na hesabu ya tano haigawanyiki kwa mbili. Vifuko vyake vya spora ni tasa. Linazaa kwa kukatika tu: kila kipande kinachong'oka ni mmea kamili. Ziwa Kariba lilianza kujaa mwishoni mwa 1958, mwaka uliofuata gugu likaonekana, na kufikia 1962 lilikuwa limefunika karibu kilomita za mraba 1,000. Ziwa letu la Naivasha nalo limelijua tangu miaka ya 1960. Utasa haukulizuia hata kidogo.

Kwa upande wa kuvu, tasa mashuhuri alikuwa Aspergillus flavus, ukungu wa kijani unaotia sumu ya aflatoksini katika mahindi. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 walifariki. Vitabu vyote vilisema ukungu huu hauoani, unazaa kwa vumbi la kawaida peke yake. Mwaka 2009 Bruce Horn na wenzake huko Georgia, Marekani, walizikutanisha aina zake mbili, wakasubiri miezi, na mbegu za ndoa zikajitokeza. Ndoa ilikuwapo siku zote, ila ni siri kuliko nyingine zote. Habari hiyo si ya maabara tu. Mashamba ya umwagiliaji ya Hola na Bura, juu kidogo ya mto huu huu, yametumia Aflasafe, dawa ambayo ni mtama uliobeba ukungu huo huo wa ukoo usio na sumu, kilo 10 kwa hekta, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, ili wema wawahi nafasi ya wabaya. Wasio na sumu wakikutana na wenye sumu udongoni, watazaa nini? Wataalamu wanaliuliza swali hilo kwa uzito.

Kabati lilivunjwa rasmi mwaka 1969, Robert Whittaker alipoitoa kuvu katika mimea na kuipa himaya yake. Mwaka 1993 uchunguzi wa chembe za urithi ukaenda mbali zaidi: kuvu iko karibu na wanyama kuliko ilivyo karibu na mimea. Uyoga wa unguni ni jamaa wa karibu zaidi wa aliyeushika kuliko wa mgunga ulio kando yake. Linnaeus angecheka, yeye aliyeuandika karibu na minyoo. Vitabu vya nchi yetu navyo viligawanywa: uyoga wa Afrika Mashariki ulipata kitabu cha David Pegler mwaka 1977, na makangaga yakaandikwa na Bernard Verdcourt, mtu aliyeanzia Amani, Usambara, kisha Nairobi, ambako mkusanyo wa mimea ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 ulihamishiwa mwaka 1950.

Siku ile ya vuli nilichukua maganda mawili ya Marsilea kutoka ukingo wa dimbwi, magumu, meusi, nikaingia nayo hotelini kusubiri gari la Malindi. Nikaagiza chai, na glasi moja ya maji. Kwa kikatio cha kucha nikalipunguza ganda moja ukingoni kisha nikalitumbukiza. Kwa muda halikufanya kitu. Chai ilipofika nusu, ganda lilikuwa limepasuka, na kutoka ndani kitu cheupe cha utelezi kilikuwa kikitoka, kikijinyoosha, kirefu kama kidole, kimebeba vifuko vya spora pande zote mbili. Kabla ya kesho yake zingekuwa zimeota, mbegu za kiume zingekuwa zimeogelea, na mayai yangekuwa yameshapata wenzao, yote humo humo kwenye glasi.

Mama mwenye hoteli alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa mkononi.

"Mwanangu, umetia mnyoo kwenye glasi yangu?"

Nilifungua kinywa nimweleze habari za kangaga. Honi ya gari ikalia nje. Akainyakua glasi, akatoka nayo mlangoni, akaimwaga mtaroni, na maji ya mvua yakaubeba ule ute mweupe kuelekea dimbwini.